Ijumaa Ambayo Ndege Haikuruka

Hajra alikuwa amelala chali sakafuni, kichwa kikiwa chini ya bawa la kushoto, alipouona mstari. Ulikuwa mwembamba kama unywele. Ulianzia kwenye tundu la bolti na kupotelea chini ya rangi ya manjano. Aliufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, haukufutika. Akaupitishia ukucha. Ukucha ulinasa, kidogo sana, hata alipojaribu tena hakuwa na hakika kama umenasa kweli au ni yeye aliyetaka unase.

Alibaki pale chini, tochi mkononi. Hanga lilikuwa kimya. Nje upepo wa kusi ulikuwa ukigongagonga bati moja la paa lililolegea.

Ndege hiyo ya kuzimia moto ilikuwa moja tu. Kampuni yao ilikuwa na kazi ya kulinda mashamba ya miwa na misitu ya kupandwa kaskazini ya Bagamoyo, na vijiji vilivyopakana na mashamba hayo vilikuwa vikiitegemea vilevile. Zamani zilikuwa ndege mbili. Mwaka uliopita wakubwa waliuza ile changa wakabaki na kongwe, kwa maelezo kuwa vipuri vyake vinapatikana kwa urahisi na rubani ameshaizoea. Kongwe yenyewe ilianza maisha nchi za mbali, ikipulizia dawa mashamba ya pamba. Baadaye ndipo ilipowekewa tangi kubwa la maji tumboni. Kila inapofungua tangi juu ya moto, uzito wote hutoka kwa mkupuo mmoja, na mabawa huruka juu kama mabega ya mpagazi aliyetuliwa gunia. Miaka na miaka ya mruko huo, pamoja na hewa ya chumvi, vilikuwa vimelila bati taratibu.

Na sasa watengenezaji walikuwa wametoa tahadhari. Ndege mbili za aina ile zilikuwa zimekatika bawa angani, kila moja wakati wa kumwaga maji, na marubani wote wawili walikufa. Mafundi wote waliombwa kukagua mhimili, kile chuma kirefu kinachopita ndani ya bawa na kubeba kila kitu. Hajra alikuwa akikagua hapo ndipo alipouona mstari.

Feisal, rubani, alimkuta akifunga kibao chekundu kwenye mlango wa chumba cha rubani cha ndege. Kibao kiliandikwa USIRUSHE.

"Umeona nini?" aliuliza.

Alimwonyesha. Feisal akalala chini kama yeye, akatazama muda mrefu.

"Hajra, huu ni mkwaruzo wa rangi."

"Huenda."

"Juzi nimeruka nayo. Imetulia kabisa."

"Hata zile mbili zilikuwa zimetulia," Hajra alisema. "Nimeshaomba mtu wa kipimo cha nyufa aje kutoka Dar. Atakuja Jumatatu. Akisema ni rangi, nitakuomba radhi na kahawa nitanunua mimi."

Feisal alicheka, akajipangusa vumbi mgongoni. Hawakuwa watu wa kugombana. Miaka miwili walikuwa wakinywa kahawa pamoja asubuhi kwenye benchi la nje ya hanga, na wafanyakazi wenzao walishaanza kuuliza kwa utani ni lini Feisal atatuma wazee. Wenyewe hawakuwa wamesemezana lolote kuhusu hilo, lakini Hajra aliona kuwa siku hizi yeye mwenyewe alikuwa akiwahi kufika kazini.

Moto ulianza kesho yake, Ijumaa, watu walipokuwa wakitoka msikitini.

Bwana Yusuf, msimamizi wa kituo, alitoka ofisini na simu sikioni. Feisal alikuwa bado na kanzu. Hata ukiwa pale uwanjani moshi ulionekana kwa mbali, mweupe kwanza, kisha wa kahawia, ukilala chini kwa upepo.

"Mtu kachoma shamba lake kulisafisha, limemshinda," Yusuf alisema. "Moto unakwenda Mkwajuni."

Mkwajuni ndiko Hajra alikokulia. Mama yake alipofariki, shangazi yake Mwanahija alimchukua akiwa hajaanza shule, na mume wa shangazi, Mzee Mwinyimvua, ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa mananasi na korosho mpaka akawa fundi ndege mwenye leseni. Alimwita Baba, kwa kuwa hakuwahi kuwa na mwingine wa kumwita hivyo.

Alipiga simu ya shangazi, haikuita. Akapiga ya Baba.

"Hajra," Baba alipokea, kwa sauti yake ile ile ya kila siku. "Umekula?"

"Baba, moto uko wapi?"

"Uko kwa jirani. Unakuja. Shangazi yako nimeshampeleka barabarani na watoto. Magari yanakuja?"

"Yanakuja. Gari la maji limeshatoka."

"Na ndege?"

Hajra alitazama kibao chekundu. "Ndege mbovu, Baba. Haiji. Tafadhali toka hapo sasa hivi."

Nyuma yake ilisikika sauti ya mbuzi.

"Basi sawa, mwanangu," Baba alisema. "Ngoja nifungulie mbuzi." Simu ikakatika.

Alipogeuka, Feisal alikuwa ameshavua kanzu, amevaa nguo za kazi, na amekaa kwenye kiti cha rubani. Kibao kilikuwa kikining'inia kando ya bega lake. Alikuwa amevaa mpaka kofia.

"Shuka, Feisal."

"Huko ni kwenu."

"Najua ni kwetu."

"Safari mbili tu. Natia maji nusu tangi, namwaga polepole, narudi. Atakayekufa ni mimi, si wewe. Nimekubali mwenyewe."

"Ndiyo maana nakwambia ushuke."

Bwana Yusuf alikuwa amesimama kwenye kivuli cha hanga. "Sheria inamtambua fundi," alisema, bila kumtazama yeyote. "Akisema iruke, itaruka. Akisema ikae, itakaa. Mimi simo."

Hajra alishika kibao. Kilikuwa kimefungwa kwa waya mwembamba ambao ungefunguka kwa vidole viwili. Alifikiri juu ya mbuzi. Alifikiri kwamba huenda kweli ni rangi. Kisha akauona mstari tena kichwani mwake, ulivyoanzia tunduni, na akamwona Feisal akiwa juu ya miti ya Mkwajuni, akivuta mkono wa kumwagia maji, na bawa likiruka juu.

"Shuka," alisema mara ya tatu.

Feisal alishuka. Alitupa kofia kwenye kiti na kwenda zake kwa miguu upande wa barabara kuu, akauacha uwanja nyuma.

Hajra alifika Mkwajuni kwa bodaboda, moto ukiwa umeshapita na kwenda kuzimikia bondeni. Gari la maji lilikuwa limekwama kwenye mchanga kabla ya kufika kijijini. Mikorosho ilikuwa imesimama myeusi, na ardhi ilikuwa ya moto hata kwa viatu. Mbuzi wote walikuwa hai, wametawanyika barabarani wakitafuna kamba zao. Baba walimkuta ukutani mwa zizi, ameinama kama mtu anayepumzika. Mwili haukuguswa na moto. Moshi ndio uliomchukua.

Alizikwa kesho yake asubuhi. Nyumba ya shangazi ilipona, na ndimo wanawake walimokusanyika. Hajra alikaa pembeni ya mkeka akipokea pole kama wengine, mpaka Mrisho, mtoto mkubwa wa shangazi, aliposimama mlangoni. Walikuwa wamelelewa chumba kimoja, wakigombania mto mmoja wa kulalia.

"Hajra, nikuulize mbele ya watu, ili isiwe maneno ya pembeni," Mrisho alisema. Hakupaza sauti. "Jana ndege ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Rubani alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alitaka kuruka."

"Aliyemkataza ni nani?"

"Ni mimi. Bawa lilikuwa na ufa."

"Una hakika?"

Hajra angeweza kusema ndiyo. Wanawake wote walikuwa wakimtazama. "Sikuwa na hakika," alisema. "Ndiyo maana niliizuia."

Mrisho alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa akiliogopa, akaondoka. Hakuna aliyemtukana Hajra. Ila mkeka ukawa mpana. Aliyekuwa amekaa kulia kwake alihamia karibu na mlango kutafuta upepo, wa kushoto akaitwa jikoni, na nafasi zao hazikukaliwa na mtu mpaka jioni.

Jumatatu mtaalamu wa kipimo alifika kutoka Dar. Alikuwa mhandisi anayeitwa Sabiha, mwanamke mnene mwenye maneno machache, na mashine yake aliibeba mwenyewe kwenye begi. Walilitoa bati la chini la bawa pamoja. Sabiha alipitisha kidude chake juu ya mhimili, akarudia, akarudia tena, kisha akamgeuzia Hajra kioo cha mashine aone.

"Ni ufa," alisema. "Umeingia ndani kuliko unavyoonekana nje."

Hajra alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa akiingoja siku hiyo kama mgonjwa anavyongoja dawa, na sasa ilipofika hakuona tofauti yoyote kifuani mwake.

"Ijumaa ingeruka?" aliuliza. "Safari mbili. Nusu tangi."

Sabiha alifuta mikono. Alikuwa ameshasikia kilichotokea. "Dada, nikikwambia isingeruka nitakuwa nimekudanganya. Huenda ingeruka safari mbili, ikarudi, na mwezi mwingine mkaendelea nayo. Huenda ingekatika mara ya kwanza kumwaga maji. Kipimo cha kukwambia hilo mimi sina, na hakuna mwenye nacho."

"Wewe ungefanya nini?"

"Ningeizuia. Lakini mimi sikuwa na mtu Mkwajuni."

Hajra alimpigia Mrisho jioni ile. Alimweleza kuhusu mashine, ufa na kina chake. Mrisho alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulikuwa sahihi," alisema.

"Sikupigii kwa ajili hiyo."

"Basi sawa, nimesikia." Akakata. Tangu hapo simu zake hakuzipokea.

Feisal hakurudi kwenye benchi la kahawa. Alikuja kazini wiki mbili nyingine, akawa anakaa ofisini kwa Yusuf, kisha akapata kazi ya kurusha ndege za watalii huko kusini. Siku ya kuondoka alipita hangani kuaga. Alisimama mbali kidogo na bawa lililofunuliwa, akalitazama.

"Wanasema umeniokoa," alisema.

"Hawajui. Na mimi sijui."

"Mimi kila nikilala naruka ile safari," Feisal alisema. "Natua salama kila mara. Nikiamka naona kama nimemwacha mzee wa watu afe kwa sababu niliteremka kwenye kiti." Akavuta pumzi. "Sikulaumu, Hajra. Ila nikikuona naikumbuka. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

Walipeana mikono kama watu waliokutana siku hiyo hiyo. Kuanzia hapo Hajra alifungua hanga peke yake na kulifunga peke yake. Chumba alichopanga kilikuwa Bagamoyo mjini, nyuma ya duka la vitenge, na wapangaji wenzake walikuwa watu wa kuja na kuondoka. Jumapili alizokuwa akienda Mkwajuni na samaki wa kukaanga alizimalizia kitandani, akisikiliza mashine za mafundi cherehani kupitia ukutani. Kuna siku alinunua samaki kwa mazoea, akafika nao stendi, akageuka. Aliwala siku tatu.

Mwezi uliofuata wakubwa walikuja kutoka Dar kuamua la kufanya. Mmoja alitaka bawa litengenezwe na kongwe irudi kazini. Mwingine alitaka helikopta ya kukodi, yenye ndoo ya kuning'iniza, kwa kuwa ingeweza kuchota maji mtoni Wami au hata kwenye bwawa dogo, bila kurudi uwanjani. Walimuuliza Hajra kama fundi.

"Chukueni yoyote mtakayo, lakini ziwe mbili," alisema.

"Helikopta moja inafanya kazi ya ndege mbili," alijibu yule wa helikopta.

"Ikiwa nzima. Ikiwa mbovu haifanyi kazi ya hata moja." Alitafuta maneno. "Mkiwa na moja tu, fundi akiona ufa anakuwa ameshika bawa mkono mmoja na kijiji mkono mwingine. Msimpe mtu kazi hiyo. Atakayekuja baada yangu huenda atafumba macho, na sitamlaumu."

Walimsikiliza kwa heshima. Wakaandika. Mwishowe walichagua helikopta moja ya kukodi kwa msimu wa kiangazi, itakayokuja na rubani na mafundi wake. Kongwe ikaamuliwa ivunjwe. Hajra alibakizwa kuangalia uwanja na matangi ya maji, na kazi ya kuivunja ndege akapewa yeye.

Ilimchukua wiki kadhaa. Alitoa injini, akatoa viti, akatenganisha mabawa moja moja kwa winchi. Bawa la kushoto lilipolala chini hakulitazama tena, alilifunika turubai likasubiri gari la chuma chakavu.

Siku gari lilipolichukua ndipo alipokwenda kwa shangazi yake. Bi Mwanahija alikuwa bado edani, amekaa chumbani na nguo zake nyeupe. Hajra alikuwa amefika siku ya khitma na siku ya arobaini, lakini siku zote mbili palikuwa na watu, na hawakupata kuzungumza. Mara hii nyumba ilikuwa tupu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kaa."

Alikaa chini, karibu na kitanda.

"Mrisho aliniambia habari za mashine," shangazi alisema. "Mimi hayo ya bawa siyajui. Mimi najua watu tulikaa pale barabarani tunatazama juu. Watoto walikuwa wananiambia, bibi, sasa hivi Hajra ataileta."

Hajra aliinamisha kichwa.

"Nataka nikuulize moja tu. Ulipoizuia, ulijua moto uko huku?"

Lilikuwa swali ambalo hata Mrisho hakuliuliza. Alipoizuia kwa mara ya kwanza, Alhamisi, hapakuwa na moto popote, na angeweza kujibu hivyo na isingekuwa uongo.

"Nilijua," alisema. "Nilishaongea na Baba kwa simu. Nilijua yuko shambani. Rubani akakaa kwenye kiti, na mimi nikamshusha."

Shangazi alimgeukia. Hakuwa akijua kuhusu simu hiyo. Simu ya marehemu ilimdondoka ikaungua motoni, na hakuna aliyefikiri kuuliza.

"Uliongea naye?"

"Kabla tu. Aliniuliza kama nimekula."

Mikono ya shangazi iliacha kucheza na ncha ya shuka. "Akasemaje?"

"Akaniuliza kama ndege inakuja. Nikamwambia ni mbovu, haiji, atoke pale. Akasema, basi sawa, mwanangu. Akasema anafungulia mbuzi."

"Basi sawa," shangazi alirudia.

"Ndiyo."

"Kila kitu yeye ni sawa. Mvua isiponyesha, sawa. Korosho zikiibiwa, sawa. Nimeishi na mtu huyo nikimgombeza kwa hiyo sawa yake." Machozi yalikuwa yakimshuka, lakini sauti haikubadilika. "Angekwambia basi lete hivyo hivyo hiyo ndege."

"Hata angesema, Shangazi, nisingeileta."

Bi Mwanahija alijipangusa uso kwa kiganja.

"Nenda, kabla usafiri haujakwisha," alisema. "Na usije tena mpaka nikuite."

Hajra aliondoka. Mvua za vuli zilinyesha zikaisha, majani yakaota pale palipoungua. Kila simu ilipoita aliitazama kabla ya kuipokea. Mara nyingi walikuwa watu wa mtandao na matangazo yao.

Simu ilikuja eda ilipokwisha. Haikuwa ndefu. "Kesho tunatoka eda," shangazi alisema. "Njoo na mafuta ya nazi."

Alipofika, uani kulijaa wanawake wakipika. Walimwitikia salamu, wakampa vitunguu akate, wakaendelea na mazungumzo yao wenyewe kwa wenyewe, maneno yakipita juu ya kichwa chake. Mrisho alikuwa akipasua kuni. Alimwona, akaendelea kupasua.

Kisha shangazi akatoka chumbani. Alikuwa ameoga, amevaa gauni la kijani, kichwa wazi na nywele zikiwa zimesimama kwa kukosa kitana. Alivuta kigoda, akakiweka katikati ya ua, akakaa mbele ya miguu ya Hajra na kumpa mgongo.

"Nisuke," alisema.

Mazungumzo uani yalikatika. Mtu mmoja alitaka kusema kuwa yupo msusi aliyeandaliwa, akaguswa na mwenzake. Hajra alinawa vitunguu mikononi, akafungua chupa ya mafuta, akagawa nywele za shangazi yake kwa kidole. Zilikuwa zimeota mvi nyingi kuliko alivyokumbuka.

"Mkono wako mzito siku hizi," shangazi alisema.

"Ni spana, Shangazi."

"Taratibu basi."

Hawakusema zaidi ya hapo. Alimsuka mpaka mwisho, mistari minane inayorudi nyuma, wali ukiiva na wanawake wakirejea mazungumzo yao kidogo kidogo. Hakuna aliyemwambia kuwa yamekwisha.

Mrisho hakumsalimia siku ile, wala siku ya Idi iliyofuata. Idi hiyo Hajra alikwenda hivyo hivyo, bila kualikwa. Alikaa upande wa wanawake, akala, akaosha vyombo, akamuaga shangazi yake, na jua likiwa bado juu akapanda pikipiki kurudi Bagamoyo.